Acheni Kuwahukumu Vijana wa Garissa kwa Mzani wa Siku Moja

Mchukue mvulana mwenye urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 48. Zidisha urefu wake kwa mita mara urefu huohuo, kisha gawanya kilo zake kwa jibu utakalopata. Unapata 15.7. Hiyo ndiyo BMI yake. Ukimweka kwenye jedwali la watu wazima, lile lenye mstari wa 18.5, mvulana huyu amekonda vibaya mno, yuko daraja la mwisho la hatari. Ukitumia jedwali la vijana la Shirika la Afya Duniani, WHO, na cheti chake cha kuzaliwa kikisema ana miaka 15, mpaka wa chini ni 16.0, kwa hiyo amekonda. Cheti kikisema ana miaka 14, mpaka ni 15.5, na mvulana yuleyule, kwa kilo zilezile na kaptula ileile, hana tatizo lolote.

Hukumu tatu kwa mwili mmoja, asubuhi moja. Ya kwanza itamwingiza kwenye orodha ya wagonjwa. Ya pili itamfanya nukta katika ripoti ya mfadhili. Ya tatu itamrudisha darasani na kumsahau. Hakuna hata moja iliyouliza alikuwa na urefu gani mwaka jana, amekula nini tangu juzi, anakohoa au hakohoi, sauti imeanza kukatika au bado. Ndivyo tunavyopima ukuaji wa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera: kwa namba moja, ya siku moja, iliyoandikwa na mtu ambaye hatarudi.

Sasa mchukue msichana wa miaka 15, sentimita 145, kilo 42. BMI yake ni 20.0, na katikati ya jedwali la wasichana wa umri wake ni 20.2. Mpimaji anatia alama ya vyema na kumwita anayefuata. Lakini msichana huyu amedumaa. Mpaka wa chini wa urefu kwa umri wake ni kama sentimita 148, naye hajaufikia. Njaa ya utotoni ilimkata kimo, kilo zake zikapungua sambamba na kimo hicho, na hesabu ikatoka nzuri. Akiolewa mapema, na kwetu wengi huolewa mapema, huyu ndiye aliye katika hatari ya kukwama kwenye uchungu wa kuzaa akiwa kwenye bula (kijiji) iliyo mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mzani umempongeza.

Nasema bila kuzunguka: BMI inayochukuliwa mara moja haipimi ukuaji wa kijana. Inapima mgawanyo wa kilo kwa urefu siku ile. Kuiita kipimo cha ukuaji ni kuwadanganya wazazi, na kuitumia peke yake kuamua nani ale na nani asile, nani apelekwe hospitali na nani aachwe, ni dhuluma. Neno hilo nimelichagua nikijua uzito wake.

Tuanze na asili ya hesabu yenyewe, maana wengi wanaitumia bila kujua ilikotoka. Aliyeianzisha ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota, aliyechapisha mwaka 1835 kitabu chake kikubwa kuhusu binadamu, akimtafuta mtu wa wastani. Hakuwa daktari na hakuwa akitafuta mgonjwa. Aligundua kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha pili cha urefu. Kwa wanaokua akasema jambo jingine kabisa: kipeo cha pili cha uzito huenda na kipeo cha tano cha urefu. Maana yake, kwa mtoto anayekua, urefu uinuliwe kwa mbili na nusu, si kwa mbili. Yeye mwenyewe, karibu miaka 200 iliyopita, aliwatenga wanaokua na waliokwisha kukua. Sisi tumewachanganya.

Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliifufua hesabu hiyo, wakaipa jina la BMI, baada ya kuijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanaume, watu wazima. Hapakuwa na mvulana wa gredi ya 8 aliyerefuka sentimita tisa tangu Ramadhani iliyopita, wala msichana aliyevunja ungo juzi.

Na jedwali la vijana lenyewe? Hapa ndipo damu yangu huchemka. Kwa watoto walio chini ya miaka 5, WHO ilifanya kazi ya heshima. Ilifuatilia watoto waliolishwa vizuri katika miji sita: Pelotas, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis ya California. Viwango vikatoka mwaka 2006, na vinasimama juu ya ushahidi wa kweli kwamba mtoto mdogo akinyonyeshwa, akilishwa na kukingwa maradhi, hukua karibu sawa popote alipozaliwa. Kwa walio kati ya miaka 5 na 19 hakuna aliyefanya kazi ya namna hiyo. Jedwali la mwaka 2007 lilijengwa upya kutokana na vipimo vya zamani vya watoto wa Marekani, waliopimwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka hiyohiyo Jimbo la Kaskazini Mashariki lilikuwa kwenye vita vya Shifta, kisha chini ya amri za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Wakati mtoto wa Marekani akipimwa kwa mbao safi na mzani uliosawazishwa, huku watu walikuwa wamezungushiwa seng'enge vijijini na ngamia wao wakipigwa risasi. Leo mjukuu wa waliozungushiwa seng'enge anawekwa kwenye mstari wa yule Mmarekani na kuambiwa amepungukiwa.

Jedwali la kigeni si kosa kwa kuwa tu ni la kigeni. Kosa ni kulitumia pale ambapo mwili unakwenda kwa saa tofauti. Balehe haiji siku moja kwa kila mtu. Wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja ameshaota ndevu na kifua kimetanuka, mwingine bado ni mtoto. BMI zao haziwezi kulingana, na wote wawili wanaweza kuwa wazima. Watafiti wakiongozwa na Michael Little, waliokaa miaka mingi na wafugaji wa Turkana, walieleza jamii ya watu warefu na wembamba ambao ukuaji wao huchelewa na kuendelea hadi wanaingia miaka ya ishirini. Mtu wa namna hiyo akipimwa akiwa na miaka 16 kwa jedwali la wanaomaliza kukua mapema, ataonekana ameharibika kabla hajamaliza safari yake.

Kisha kuna miguu. BMI hudhani kwamba watu wawili wenye urefu sawa wamegawanyika sawa kati ya kiwiliwili na miguu. Sivyo. Kiwiliwili ndicho kilichobeba mapafu, ini na matumbo. Mguu mrefu huongeza sentimita nyingi na kilo chache. Mwaka 2009 Mark Myatt na wenzake walichapisha uchambuzi wa watoto wa Ethiopia, wa wafugaji na wa wakulima. Walionyesha kwamba uzito kwa urefu huwahesabu watoto wa wafugaji, wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, kuwa wamekonda kwa wingi kuliko utepe wa kupimia unene wa mkono unavyoonyesha. Wapo waliowapinga, wakasema mtoto aliyekonda kwa mzani asipuuzwe hata kama utepe wa mkono unampitisha, na hoja yao haifai kutupwa. Lakini hao walikuwa wakizungumzia watoto wadogo. Kwa vijana jambo linazidi, kwa sababu katika balehe miguu hutangulia kurefuka na kiwiliwili hufuata nyuma, na kilo hufika baada ya sentimita. Kila kijana, hata wa Oslo, hupitia kipindi cha kuwa mrefu-mrefu. Kijana wa Garissa hukipitia akiwa tayari na miguu ya baba yake.

Dawa ya tatizo hili ni stuli. Ndiyo, stuli ya mbao. Mketishe kijana mgongo ukiwa wima, pima kichwa kilipofika, toa urefu wa stuli, kisha linganisha na urefu wake akiwa amesimama. Dakika moja zaidi kwa kila mtoto. Nikiuliza kwa nini haifanywi, naambiwa fomu haina nafasi ya kujaza.

Msiniambie pia kwamba dunia haiwezi kuwa na mipaka tofauti kwa watu tofauti. Katika ripoti ya mwaka 2004 wataalamu wa WHO walipotazama watu wa Asia, ambao huugua kisukari na moyo wakiwa na BMI ndogo kuliko Wazungu, waliongeza alama za tahadhari za 23 na 27.5 kwa ajili yao. Asia ina vyuo vikuu, ina maprofesa, ina serikali zinazodai. Mfugaji wa Pembe ya Afrika hana wa kumsemea, na mstari wake haujasogezwa hata unywele.

Sasa namwona mtu mmoja akitabasamu kwa hoja zangu, na huyo simwachi. Ni mwanasiasa wa kwetu, au mzee wa bula aliyeshiba, anayesema: "Si nilisema? Sisi ni wembamba kwa asili. Hapa hakuna njaa." Hapana, mheshimiwa. Usipande mgongoni kwangu. Njaa ipo, na imekuwepo mbele ya macho yako. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa mwaka 2014 ulikuta watoto 13 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 Kaskazini Mashariki wamekonda, wakati kitaifa walikuwa 4. Misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, kuanzia deyr (mvua za vuli) ya 2020 hadi deyr ya 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Mifugo ikifa, maziwa hufa. Urefu wa mguu hauelezi hayo. Anayesema mtoto ni mwembamba kwa asili kabla ya kumpima vizuri anafanya kosa lilelile la anayesema amekonda kabla ya kumpima vizuri. Tofauti ni kwamba kosa lake ni rahisi zaidi, kwa kuwa halimlazimu kununua unga.

Maziwa ndiyo roho ya jambo hili. Elliot Fratkin, Eric Roth na wenzao waliwafuatilia Warendille wa Marsabit na kukuta watoto wa waliobaki na ngamia wakikua vizuri kuliko watoto wa ndugu zao waliohamia vituoni, na tofauti kubwa ilikuwa maziwa. Sasa tazama mabula ya mji wa Garissa yanavyojaa familia zilizopoteza mifugo. Kijana anaamka na anjera na chai ya rangi yenye sukari vijiko vinne. Mchana wali au pasta yenye mafuta. Usiku chai tena. Kilo zinaweza kubaki palepale, hata kuongezeka, huku damu ikipungua na mifupa ikikosa cha kujengea. BMI itasema nini hapo? Itasema yuko sawa. Na upande wa pili wa mji, nyumba yenye duka na soda, kuna msichana asiyetoka nje akikaribia mstari wa unene, naye pia hakuna anayemfuatilia, kwa sababu Garissa katika vitabu vya watu ni mahali pa wakondefu tu.

Upungufu wa damu hauonekani kwenye mzani. Hilo halibishaniwi. Watafiti waliowapima vijana wakimbizi wa kambi ya Kakuma, kazi yao ikatoka mwaka 2006, walilazimika kuwatoa damu ili kuujua. Ushauri wa WHO wa kuwapa wasichana walioanza hedhi vidonge vya madini ya chuma kwa vipindi, pale tatizo linapofikia wasichana 20 kati ya 100, unahitaji kwanza mtu apime damu. Tone moja la kidole linatosha.

Turudi kwenye umri, kwa kuwa jedwali lote limening'inia hapo. Linataka umri kwa mwezi. Kwetu vyeti vingi hutafutwa mtoto anapokaribia mtihani wa kitaifa, na tarehe huandikwa kwa kukisia. Kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab utakutana na watu wengi waliozaliwa Januari 1. Katika kaunti ambako Mkenya aliulizwa kitambulisho cha babu yake kabla ya kupewa chake, umri haukuwa jambo la kuandikwa kwa utulivu. Hupunguzwa ili kijana acheze kandanda ya vijana; huongezwa ili msichana aonekane ametimiza miaka ya kuolewa. Mwaka mmoja ukipotea, mvulana wangu wa kilo 48 anavuka mpaka. Ipo njia, na akina mama wanaijua: muulize mama alizaliwa wakati gani. Kabla ya Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, tulipokatazwa nyama, au baada yake? Kabla ya ukame wa 2011 au katikati yake? Wapimaji wa watoto wadogo hubeba kalenda ya matukio ya namna hiyo. Kwa vijana wanachukua cheti na kuandika.

Nilisimama nyuma ya darasa moja mjini Garissa wasichana wa sekondari wakipimwa. Sitaitaja shule, kwa kuwa walimu wake waliomba tu msaada na wakapata walichopata. Mpimaji alikuwa mwanamume. Hakuna msichana ambaye angefunua kichwa mbele yake, wala hakustahili kuombwa. Kwa hiyo ubao wa juu ulitua kwenye hijabu, na chini ya hijabu kuna nywele zilizofungwa fundo. Mmoja alisomwa sentimita 167. Uzito wake kilo 45. Mpimaji akapata 16.1, akaangalia miaka 16, mpaka 16.2, akatamka kwa sauti ambayo safu nzima iliisikia: "Amekonda." Msichana akashika ukingo wa meza. Mwalimu wa kike akamchukua kando, nyuma ya pazia la ofisi, wakafungua fundo, wakapima tena ukutani kwa futi ya fundi: 165. Hesabu ikawa 16.5. Sentimita mbili za nywele ndizo zilizomtia msichana kwenye orodha. Fomu ilikuwa imeshajazwa kwa kalamu ya wino na mpimaji alikuwa ameshafika jina la kumi na kitu mbele.

Sidai kwamba kwa 16.5 msichana yule alikuwa na afya njema. Huenda hakuwa. Ndiyo maana nakasirika: baada ya zoezi lote lile, hakuna aliyejua. Hakuulizwa kama amevunja ungo. Hakutazamwa weupe wa kope. Hakuna karatasi iliyobaki shuleni ya kulinganisha mwakani. Alichobaki nacho ni neno moja lililosemwa mbele ya wenzake.

Na wakati mwingine huja Ramadhani, alasiri, vijana wakiwa wamefunga tangu alfajiri kwenye joto la Garissa, maji yameshawatoka. Au huja jilaal, msimu wa kiangazi, mwezi wa pili, kila kitu kimekauka, wakaandika. Mwingine akija baada ya mvua za gu, maziwa yamerudi, anaandika namba nyingine, na huko Nairobi mtu anachora mstari kati ya namba hizo mbili na kuuita maendeleo ya mradi.

Mtaniuliza, je, BMI itupwe? Hapana. Ikipimwa mahali palepale, mwezi uleule, kwa namna ileile, mwaka baada ya mwaka, kwa mamia ya vijana, inaweza kuonyesha kama jamii inapanda au inashuka. Ni kengele ya umati. Ikianguka ghafla kwa kijana mmoja aliyepimwa mara kadhaa, hiyo nayo ni habari kubwa, maana kifua kikuu huanza hivyo, na kala-azar, inayorudi Wajir na Mandera kila baada ya muda, huanza hivyo. Lakini neno zito hapo ni kuanguka. Ili ujue imeanguka, sharti uwe uliiandika ilipokuwa juu.

Na hakuna anayeandika. Hili ndilo shimo lenyewe. Kitabu cha mama na mtoto kinamfuata mtoto hadi miaka 5, kisha kinafungwa. KDHS hupima watoto walio chini ya miaka 5 na wanawake kuanzia miaka 15. Taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutegemea utepe wa mkono wa watoto wadogo. Msichana wa miaka 11, aliye kwenye umri wa kurefuka kwa kasi, hayumo. Mvulana hayumo kabisa tangu anapotimiza miaka 5. Na hata msichana wa miaka 15 alipoingizwa katika ripoti ya 2014, aliwekwa kapu moja na mama wa miaka 40 na kupimwa kwa mstari uleule wa 18.5. Kwa watoto hawa wa katikati tumebakiwa na mradi wa wiki mbili, mzani wa kuazima na BMI.

BMI inapendwa kwa sababu ni rahisi na haimdai mtu kurudi. Hiyo ndiyo siri ya umaarufu wake. Kipimo cha kweli cha ukuaji kinamdai mtu arudi: kijana amerefuka sentimita ngapi tangu mwaka jana, ameongeza kilo ngapi, balehe imefika wapi. Mvulana wa kilo 48 aliyerefuka sentimita nane na kuongeza kilo tano ni kijana anayepaa. Mvulana wa kilo 48 aliyekuwa na kilo 51 mwaka jana anahitaji daktari wiki hii. Kwenye fomu ya leo wawili hao ni mtu mmoja.

Kwa hiyo nasema na nyinyi wenye sahihi. Waheshimiwa magavana wa Garissa, Wajir na Mandera, afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Hamna wa kumsukumia. Mnao wahudumu wa afya ya jamii katika kila bula, waliokabidhiwa mikoba mwaka 2023 katika ule mpango wa kitaifa wa wahudumu 100,000. Wapeni siku mbili za mafunzo ya kupima vijana, na wanawake wapime wasichana, mlango umefungwa, nywele zimefunguliwa, namba hazitamkwi. Wapelekeni shuleni na duksi (madrasa ya Kurani), kwa sababu mtoto asiyekuwa shuleni yuko duksi, na malimu wa duksi anaijua familia yake kuliko afisa yeyote. Mwezi uwe mmoja kila mwaka, mbali na Ramadhani. Kadi ibaki kwa mtoto, nakala ibaki kwa mwalimu.

Nanyi mashirika mnaofanya kazi Dadaab na kuizunguka, msituletee namba msizoweza kuzitetea. Mkija kupima vijana, njooni na stuli, kalenda ya matukio na kipimo cha damu, la sivyo msije na jedwali. Na yeyote atakayekutwa hali nzuri au mbaya, mama yake aambiwe siku hiyohiyo, kwa Kisomali, kabla mkutano wa Nairobi haujaambiwa.

Chakula nacho kisiachwe nyuma ya karatasi. Mlo wa shule ulianza nchini mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na tangu 2018 mzigo ni wa serikali yetu wenyewe. Kila mzazi wa huku anajua muhula ambao mahindi na maharagwe yalifika katikati, au hayakufika. Kupima kijana mwenye njaa na kumrudisha darasani bila mlo ni ukatili, hata mkipima kwa ustadi wa Oslo.

Bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30. Mstari ninaoutaka humo ni huu: mbao za kupimia urefu, stuli, mizani iliyosawazishwa, vipimo vya damu, vidonge vya chuma, kadi za karatasi ngumu, na maziwa ya ngamia yanunuliwe kwa wafugaji wetu yapelekwe shuleni angalau mara mbili kwa wiki. Wawakilishi wa wadi watakaoinua mikono kuipitisha bajeti bila mstari huo, tutaandika majina yao hapa.